Binti Asiyegeuka na Mkono Uliozoea Malori

Ninyi mnaochora, mkija kwangu Vulamba, hapa Butembo, kuuliza kitabu chetu cha picha kilifanywaje, huwa mnataka kuona kurasa zilizofaulu. Mimi huanza na zile zilizoshindwa. Ziko ndani ya boksi la sabuni chini ya kitanda, nimezifunga kwa mpira wa tairi. Kurasa nzuri mtazikuta kitabuni. Hizi za boksi hamtazikuta popote pengine, na ndizo zilizonifundisha kazi ambayo nilidhani naijua tangu zamani.

Kazi yangu ilikuwa kuchora malori. Lori linaloteremka kutoka Butembo kwenda Beni na vitunguu na viazi, kisha linapanda na kakao na mafuta ya mawese, haliwezi kuwa na milango mitupu. Lazima liwe na simba, au tai, au mkono ulioshika msalaba. Nimechora simba wengi kuliko Mungu alivyowaumba, na sijawahi kumwona simba. Kuhusu rangi nitawaambia jambo moja tu: huku kwetu juu kuna baridi na ukungu, rangi inakauka polepole na unaweza kurekebisha hadi mchana. Beni kuna joto. Ukisimamisha burashi katikati ya mstari ili ujibu salamu, mstari umeshakauka na kila mtu ataona ulipojibu.

Aliyenifundisha aliitwa Papa Mbusa. Alikuwa mtu wa maneno machache na sheria moja. Sheria hiyo niliijua siku niliyoivunja. Alikuwa amenipa chui aliyekatwa kwenye karatasi ngumu, niweke juu ya mlango, nipake rangi kwenye tundu. Nikapaka mlango wa kuume, chui akatoka vizuri. Nikazunguka, nikapaka mlango wa kushoto kwa karatasi ileile bila kuigeuza. Dereva alipofika, akazunguka lori lake mara moja, kisha akaketi juu ya gunia.

"Hii camion haiendi," akasema.

"Juu ya nini?" nikamwuliza.

"Chui moja iko inaenda Beni. Ingine iko inarudia nyumbani. Mimi nitamufuata gani?"

Wenye vitunguu wakaanza kupiga kelele, kwa sababu vitunguu havingoji. Papa Mbusa hakunigombeza. Aliniambia tu kwamba kitu chochote kilichochorwa juu ya gari kinaangalia kule gari linakokwenda, upande huu na upande ule, na akanipa kitambaa chenye petroli. Nilifuta, nikachora upya kwa mkono, lori likaondoka rangi ikiwa mbichi. Lilifika Beni na vumbi limemganda chui usoni, watu wakauliza kwa nini lina picha ya mbuzi. Tangu siku hiyo sikukosea tena. Mkono wangu ulijifunza peke yake: upande wa kushoto, mnyama anaangalia kushoto, upande wa kuume, anaangalia kuume. Sikuhitaji tena kufikiri. Kumbukeni hilo, litarudi.

Miaka ikapita, mgongo ukakataa kuinama chini ya milango, nikaweka burashi. Hapo ndipo Kahambu alipokuja. Ni mwalimu wa shule ya msingi kule Beni, mzaliwa wa hapa Vulamba. Alitaka kutengeneza kitabu cha picha, picha baada ya picha, na ndani yake watu wa hadithi za nyanya yake wakae katika siku zetu. Sungura awe motard, dereva wa pikipiki ya kukodi, mwenye kofia ya kuazima. Chui awe tajiri wa depo, na koti la ngozi hata kwenye joto. Zimwi awe na simu.

"Na binti?" nikamwuliza.

"Binti anabakia binti, Papa Kambale. Anabeba kitunga na kamba ku kipaji ya uso, kama bamama ba Masereka."

Hadithi yenyewe ni ya Koko Masika, nyanya yake Kahambu, aliyezaliwa Masereka na kuolewa huku. Nilikwenda kuisikia kwake. Nilibeba kalamu na karatasi kama mwandishi wa habari, lakini yeye akaviweka juu ya kabati. Kwake hakuna anayesikiliza na mikono mitupu. Alinisukumia sinia la maharage yaliyo bado katika maganda, akasema nimenye. Akiona mikono yangu imesimama, naye anasimamisha hadithi. Kwa hiyo sikuandika hata neno moja. Hadithi ilinibidi niitoe kichwani jioni, vidole vikinuka maharage. Nilikasirika siku ile. Baadaye niliona kwamba nilichora tu yale niliyoyakumbuka, na yale niliyoyakumbuka yalikuwa yanatosha.

Hadithi ni hii, kwa ufupi. Kijijini juu mlimani chumvi imekwisha na watu wanaugua. Binti anatumwa kuteremka hadi nchi ya joto kuitafuta. Nyuma yake linamfuata Zimwi. Zimwi halina mbio, lina sauti tu. Linaita kwa sauti ya mama yake, ya dada yake, ya mtoto anayelia. Kila aliyetumwa kabla yake aligeuza kichwa akamezwa. Sungura anamdanganya njia, Chui anamzuilia mahali pa kuvuka, lakini binti hageuki. Hadi amepata chumvi. Akiwa na chumvi mkononi anageuka mara moja, kwa kutaka mwenyewe, anamtupia Zimwi kinywani, na Zimwi linakauka kama jani.

Koko alipomaliza, akaweka sharti. Yeye hasomi. Hakutaka kuambiwa na mjukuu wake kwamba kitabu ni kizuri.

"Mutapeleka bile bipicha Beni, bila maneno," akasema. "Mutapatia batoto benye habajasikia hii hadisi hata siku moja. Mimi nitaikala nyuma. Kama batoto banaielezea ginsi iko, muchape. Kama hapana, munirudishie hadisi yangu, na hapana kuniuliza ingine."

"Koko, utashuka Beni na hii magoti?" Kahambu akamwuliza.

"Magoti njo itasikiliza?"

Basi kitabu kizima kilining'inia hapo. Kahambu alikuwa ameshawaahidi wanafunzi wake. Mimi nilikuwa nimeshawaambia watu wa kanisani kwamba Kambale wa malori sasa anachora kitabu. Na Koko alikuwa na hadithi moja tu ya aina hiyo, aliyopewa na mama yake, na ilikuwa imeingia mikononi mwa mchora milango.

Nilichora miezi kadhaa. Watu walinishauri Zimwi nimvike nguo fulani za wenye bunduki, au nimpe panga. Nilikataa. Watoto wa Beni hawahitaji mimi niwaonyeshe wanachokijua. Nilichora kinywa tu, kikubwa, pembeni mwa ukurasa upande wa kushoto, na mkono wenye simu. Zimwi zima halionekani mahali popote. Hilo lilikuwa wazo zuri na bado najivunia. Sungura alitoka vizuri. Chui alifanana na matajiri wote wa mjini bila kufanana na mmoja, na hiyo ni kazi ngumu kuliko simba.

Wiki ile barabara haikuwa tulivu, tukangoja siku mbili ndipo tukateremka na Musubao, dereva ambaye lori lake nilikuwa nimelichora mara tatu. Koko alikaa katikati, kati ya dereva na mimi, sinia lake la maharage magotini. Kahambu alitupokea shuleni. Alifunga kamba ubaoni na kuning'iniza kurasa kwa vibanio vya nguo, mbilimbili, kama kitabu kilichofunguliwa. Watoto wakasogea. Koko akakaa benchi la nyuma na kuendelea kumenya.

Mtoto wa kwanza kusema alikuwa Soki, msichana mwenye sauti kubwa. "Binti anatoka kwabo na kitunga," akasema. "Anaenda."

"Sasa eko anarudia," akasema mvulana aliyeitwa Muhindo, akionyesha ukurasa wa pili.

"Juu ya nini anarudia?" Kahambu akauliza.

"Amesahau kitu."

Ukurasa wa tatu, binti akaenda. Wa nne, akarudi. "Amesahau tena," Muhindo akasema, darasa likacheka. Kinywa cha Zimwi kilipoanza kuonekana, mambo yakaharibika kabisa.

"Eko anaingia mu kinywa," akasema Soki.

"Ametoka."

"Eko anaingia tena. Huyu binti iko na kichwa nguvu, mais akili hana."

Walifika mwisho wakibishana kama binti aliliwa mara tano au mara sita, na kama Zimwi lilimtapika kwa sababu ya kitunga. Nilisimama pale nikiangalia kurasa zangu na sikuona kosa. Mistari ilikuwa safi. Nyuso zilikuwa nzuri. Nilidhani watoto ni wajinga, na hilo nawaambia ili mjue ni wazo la kwanza la kila mchoraji.

Koko alikuja mbele polepole. Alinitazama mimi, hakutazama picha.

"Nilikupatia binti mwenye haangaliake nyuma," akasema. "Wewe unanirudishia mbuzi yenye imekata kamba. Hii haiko hadisi yangu. Uweke ku camion."

Tukapanda kurudi Butembo. Karibu na nyumbani Musubao akashindwa kujizuia. "Papa Kambale, leo simba yako imekuluma?" Koko alicheka hadi akapangusa macho kwa kitenge. Mimi sikucheka.

Jumamosi Kahambu akapanda Butembo. Alinikuta barazani na kioo. Hii ni njia ya kazi ambayo msiiache hata kama mna mashine: kila uso niliouchora niliukagua kwenye kioo cha pikipiki kilichovunjika, kwa sababu jicho lako likizoea kosa hulioni, na kioo kinakuonyesha picha kama ya mtu mwingine. Nilikuwa nimeegemeza ukurasa wa nne, nikitafuta ubaya wa pua. Kahambu akainama nyuma yangu, akatazama ndani ya kioo.

"Papa, mu kioo njo anaenda," akasema.

"Anaenda wapi?"

"Mbele. Ku karatasi anarudia. Mu kioo anaenda." Akachukua ukurasa wa sita, akauweka mbele ya kioo. Akachukua wa nane. "Yote ya kushoto. Papa, juu ya nini yote ya kushoto inaangalia kushoto?"

Nilimjibu bila kufikiri, kama mtu anayetaja jina lake: "Upande wa kushoto inaangalia kushoto. Upande wa kuume inaangalia kuume. Ni sheria ya gari."

Tukatazamana. Kisha akakaa chini sakafuni akacheka, na safari hii nami nikacheka. "Donc kitabu yetu iko na milango mbili," akasema.

Ndivyo ilivyokuwa. Msomaji anatembea kutoka kushoto kwenda kuume, na anayetembea naye njia ileile anakwenda mbele, anayemkabili anarudi. Mtoto wa miaka minane anajua hivyo bila kufundishwa. Mimi nilikuwa nimekichora kitabu kama lori, na katika hadithi yenye jambo moja tu, kwamba binti hageuki, nilimgeuza kila baada ya ukurasa mmoja na kumwelekeza kinywani mwa Zimwi.

Ninyi leo mnageuza picha kwa kidole kimoja juu ya kioo cha simu. Mimi niligeuza kwa dirisha. Unabandika ukurasa kwenye kioo cha dirisha, sura yake ikitazama nje, jua linapita, unaweka karatasi mpya juu ya mgongo wake na kufuata mistari. Asubuhi kulikuwa na ukungu, kwa hiyo nilifanya kazi kuanzia saa nne tu, nikasimama mvua ikianza. Kahambu aliomba ruhusa kwa Koko turudi mara ya pili. Koko alimjibu kwamba hata fundi wa paa unampa mvua mbili.

Lakini sikilizeni, kugeuza ndiyo sehemu rahisi. Kuna vitu vinavyokataa. Kinywa cha Zimwi kinahamia kuume, mbele ya binti, wakati kinatakiwa kubaki kushoto, nyuma yake. Maandishi ya duka yanakuwa kinyume. Vifungo vya shati la Chui vinahamia upande wa wanawake. Binti alishika fimbo kwa mkono wa kuume, ghafla ni wa kushoto. Na pikipiki ya Sungura: bomba la moshi liko upande mmoja, cheni iko upande wa pili, na hakuna mtoto wa Beni asiyejua ni upande gani. Kila kimoja ilibidi nikichore upya. Kitenge kitakachofungwa kinyume mama mmoja atakiona. Bomba la moshi litaonwa na mji mzima.

Nilipofika ukurasa wa kushoto ulio karibu na mwisho, Kahambu alinishika mkono. Ni ule ambapo binti amepata chumvi. Nilikuwa nimeshaubandika dirishani.

"Hii hapana kugusa," akasema.

Niliutazama. Binti alikuwa anaangalia kushoto, kuelekea kinywani, mkono wa kuume umeinuka, chumvi inavuja kati ya vidole. Nilikuwa nimeuchora vile kwa sheria ya lori tu, kama kurasa zote zilizoharibika. Lakini sasa, kurasa zote zilizotangulia zikienda mbele, huu ulikuwa peke yake. Niliubandua dirishani kwa uangalifu kama mtu anayeshika yai. Ndiyo sababu katika boksi langu la kurasa zilizoshindwa, mkizihesabu, ukurasa mmoja wa kushoto haupo.

Tukateremka tena. Musubao aliuliza kama tumebeba mbuzi. Koko alikuwa na maharage mengi zaidi safari hii, na alipofika darasani aliyagawa. Watoto wote wakapewa makonzi mawili mawili ya kumenya. Walikuwa watoto wengine, si wale wa safari ya kwanza, isipokuwa wawili, Soki na Muhindo, waliokuwa wamekataa kutoka nje. Kahambu aliwaambia wanyamaze. Muhindo alinyamaza kwa shida.

Wale wapya wakaanza. Binti anatoka. Anateremka. Sungura anamwambia njia ya mkato, watoto wakacheka kofia yake. Chui anazuia daraja, mmoja akasema koti lile lina jasho ndani. Binti anakwenda. Kinywa kikatokea nyuma yake, na mkono wenye simu.

"Inamuita na sauti ya mama yake," akasema mtoto mmoja.

Hakuna neno lililoandikwa pale. Nilikuwa nimechora tu juu ya simu uso mdogo wa mama yule wa ukurasa wa kwanza.

"Anasikia?" Kahambu akauliza.

"Anasikia. Angalia shingo. Mais haangalie."

Kurasa zikaendelea na binti akaendelea. Kinywa kikawa kikubwa, nusu ya karatasi. Darasa likapoa. Mtoto mdogo wa mbele akaanza kunong'ona, "Usigeuke, usigeuke," na wengine wakaingia, si kwa kelele, kama wanavyoitikia kanisani. Kahambu akafunua ukurasa ule.

Mnong'ono ukakatika. Muhindo akashindwa kujizuia.

"Amegeuka," akasema.

"Nyamaza," Soki akamwambia. "Amegeuka ye mwenyewe. Angalia mukono. Iko na chumvi."

"Atamutupia," akasema yule mdogo wa mbele, kabla ya karatasi ya mwisho kuning'inizwa. "Zimwi itakauka."

Hapo ndipo nilipotazama nyuma. Nilitaka kuona uso wa Koko, lakini nikaona mikono yake. Ilikuwa imesimama juu ya sinia, ganda moja la harage limefunguliwa nusu. Mwanamke huyu hakusimamisha mikono alipokuwa akisimulia, wala siku nilipokuja kumwomba hadithi, wala ndani ya lori kwenye mashimo. Alikaa hivyo hadi watoto walipomaliza kueleza binti anavyofika nyumbani na watu wanavyoonja supu.

Kisha akasema, "Wasingya," na hilo kwa Kinande, lugha yetu, ni asante. Halafu akasema kwa Kahambu, "Peleka, bachape."

Darasa likawa soko. Watoto walipiga meza, maharage yakatapakaa sakafuni. Kahambu alinikumbatia mbele ya wanafunzi wake, jambo ambalo mwalimu wa shule ya kanisa hafanyi. Katika kelele ile Muhindo alikuwa ameinua mkono, na hakuushusha.

"Mais muzee," akasema, "ku ile ukurasa, moto ya Sungura, tuyo ya moshi iko upande wa cheni."

Nilikwenda kuangalia bomba la pikipiki ile. Alisema kweli. Katika pikipiki zote nilizochora upya, moja ilinipita. Nilianza kusema kwamba nitairekebisha, Koko akanikata.

"Acha," akasema. "Ile ni Sungura. Hata moto yake inadanganyaka."

Ikachapwa hivyo. Mkikiona kitabu, tafuteni bomba hilo. Mtakuwa mmemsalimu Muhindo.

Siku vitabu vilipotoka kwa mchapaji, Musubao ndiye aliyevipakia kwenda Beni. Alisimama karibu na lori akisoma kile cha juu, polepole, akiteremsha kidole. Alipomaliza alinionyesha milango yake, ambako simba wangu wa zamani alikuwa amechakaa.

"Mutoe huyu simba," akasema. "Uniwekee binti."

Nilimwambia nimeacha kazi, na mgongo hauinami. Akaleta kiti. Kwa hiyo lori la mwisho nililolichora, nililichora nimeketi. Mlango wa kuume binti anaangalia kuume. Mlango wa kushoto anaangalia kushoto. Sikuwa na haja ya dirisha wala kioo. Sheria ya Papa Mbusa ilikuwa imerudi mahali pake.

Na sasa nikikaa barabarani asubuhi, lori lile likipita limejaa vitunguu, binti anateremka kutafuta chumvi, haangalii nyuma. Baada ya siku mbili tatu linapanda, limejaa mizigo ya nchi ya joto, na ni yeye yuleyule, amefika.